Fidia za uzembe wa madaktari Marekani zinapanda kweli? Jinsi ya kukagua mwenyewe

Swali hili lina jibu, na jibu limo ndani ya faili ambalo yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kulipakua bure. Shida ni kwamba wengi hutoa jibu kabla ya kulifungua. Kampuni ya bima itakutajia hukumu ya dola milioni 50. Mawakili wa wagonjwa watakuambia idadi ya malipo imeshuka kwa zaidi ya nusu. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja ameokota namba inayomfaa. Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mwanafunzi wa sheria au afya, au daktari anayefikiria kwenda kufanya kazi huko, anayetaka kuifikia namba kwa mkono wake.

Amua kwanza unapima nini

Katika mjadala huu neno "malipo" hubeba vitu vinne, na kila kimoja kina mwendo wake.

Kuna hukumu, yaani kiasi ambacho juri, jopo la raia wanaoamua kesi, hutamka mahakamani. Kuna malipo yenyewe, fedha iliyotoka mfukoni mwa bima au hospitali ikamfikia mgonjwa na wakili wake. Kuna hasara ya bima, ambayo ni malipo pamoja na akiba iliyotengwa kwa madai ambayo hayajaisha. Kampuni ikiingiwa na wasiwasi ikaongeza akiba hiyo, "hasara" hupanda mwaka huohuo bila mgonjwa hata mmoja kupokea senti. Mara nyingi hapo hapo huwa zimechanganywa na gharama za mawakili wa utetezi. Cha nne ni ada ambayo daktari hulipa kila mwaka ili akatiwe bima.

Ripoti nyingi huanza na kimoja na kumalizia na kingine. Kichwa cha habari ni hukumu, grafu ni hasara, hitimisho ni ada. Kabla ya kutazama mstari unapopanda, soma maandishi madogo chini ya grafu ujue ni kipi kati ya hivi vinne.

Hapa tunapima cha pili, malipo yenyewe, kwa sababu ndicho chenye kumbukumbu nzuri kuliko vyote.

Faili lenyewe

Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 iliunda kumbukumbu ya taifa iitwayo National Practitioner Data Bank, NPDB kwa kifupi. Ilianza kazi tarehe 1 Septemba 1990 na iko chini ya Wizara ya Afya. Taasisi yoyote inayolipa fidia kwa niaba ya daktari, muuguzi, mfamasia au daktari wa meno baada ya dai la maandishi lazima iripoti ndani ya siku 30. Hakuna kiwango cha chini: hata dola 500 huripotiwa.

Majina ya madaktari hayako wazi kwa umma. Toleo lisilo na majina, linaloitwa Public Use Data File, limo kwenye tovuti ya NPDB na huongezewa kila robo mwaka. Kabla ya kupakua utakubali masharti, na kubwa kati yake ni kutolitumia faili kumtambua mtu. Masharti hayo yaliingia mwaka 2011, baada ya faili kuondolewa kwa wiki kadhaa kwa sababu gazeti moja lilikuwa limeunganisha rekodi zake na nyaraka za mahakama likampata daktari. Yachukulie kwa uzito.

Usilifungue kwa Excel moja kwa moja. Lahajedwali la Excel huishia mstari wa 1,048,576, na faili hili lina rekodi zaidi ya hizo, kwa sababu ndani yake kuna pia adhabu za bodi za leseni na hospitali. Kitakachozidi kitakatwa, na usipokuwa makini utaendelea na hesabu ukidhani una kila kitu. Tumia programu ya kuchambua takwimu kama R, Python, Stata au SPSS kuchuja kwanza. Kitakachobaki, yaani malipo ya fidia kwa madaktari peke yao, Excel inakimudu.

Kuchuja

1. Safu ya RECTYPE inaonyesha aina ya rekodi. Chukua M na P. M ni ripoti za malipo za mfumo wa zamani, P ni za mfumo mpya ulioanza mwaka 2004. Kosa la kawaida ni kuchukua P peke yake: grafu itaonekana kama malipo yalizaliwa mwaka 2004 na kupaa ghafla.

2. Safu ya LICNFELD ni fani. Kwa madaktari chukua 10, 15, 20 na 25: wale wenye shahada ya MD na wa DO, shahada mbili za udaktari za Marekani, pamoja na walio bado mafunzoni. Ukiacha fani zote ndani, malipo ya madaktari wa meno, ambayo ni mengi na madogo, yatakushushia wastani.

3. Safu ya ORIGYEAR ni mwaka wa ripoti, na MALYEAR1 ni mwaka kosa lilipotendeka. Kwa swali letu tumia ORIGYEAR. Toka kosa litendeke mpaka fedha itoke hupita miaka minne au mitano kwa kawaida, hivyo ukipanga kwa MALYEAR1 miaka ya karibuni daima itaonekana kushuka. Haijashuka. Madai yake bado yako njiani.

4. Tupa mwaka 1990, maana una miezi minne tu, na tupa mwaka wa mwisho kama robo zake nne hazijatimia.

5. Safu ya PAYMENT ndiyo fedha. Programu ikiisoma kama maandishi kwa sababu ya alama ya dola, ondoa alama na mikato kisha igeuze kuwa namba. Ukiona viwango vilevile vinajirudia mno, faili halijaharibika. Ili kuficha utambulisho, NPDB hupanga malipo katika matabaka na kuandika kiasi cha katikati ya tabaka, na matabaka hupanuka kadiri fedha inavyokuwa kubwa. Kwa wastani hili halina madhara. Kwa malipo makubwa kabisa usiandike tarakimu za mwisho kana kwamba ni halisi.

Jambo moja linahitaji uamuzi wako: rekodi moja si mgonjwa mmoja. Mgonjwa aliyeumizwa chumba cha upasuaji anaweza kulipwa kwa niaba ya daktari wa upasuaji na daktari wa usingizi, na hapo kuna ripoti mbili. Majimbo kadhaa, kama Indiana na Pennsylvania, yana mfuko wa serikali unaoongezea juu ya bima ya kwanza. Bima inaripoti, mfuko nao unaripoti. Ukihesabu idadi ya matukio, ziondoe ripoti za mifuko, ambazo utazijua kwa safu ya PYRRLTNS inayotaja uhusiano wa mlipaji na daktari. Ukijumlisha fedha, zirudishe. Ukizitendea namna moja kote, utakosea kwa upande mmoja.

Ondoa mfumuko wa bei

Hapa ndipo madai mengi ya "fidia zimepaa" huishia. Chukua fahirisi ya bei za mlaji ya Marekani, ile ya wakazi wote wa mijini, CPI-U, kwenye tovuti ya Ofisi ya Takwimu za Kazi. Wastani wa mwaka 1995 ulikuwa 152.4, wa mwaka 2023 ulikuwa 304.702. Kanuni ni moja:

malipo ya mwaka husika × 304.702 ÷ fahirisi ya mwaka huo

Malipo ya dola 200,000 ya mwaka 1995 yanakuwa karibu dola 399,900 za mwaka 2023. Kwa maneno mengine, mtu akikuonyesha kwamba fidia "imeongezeka maradufu" kati ya miaka hiyo miwili, amekuonyesha kwamba haikusogea.

Fanya hivyohivyo kwa viwango vya kukatia. Wengi hupenda kuhesabu malipo ya dola milioni moja na zaidi, na idadi hiyo lazima ikue hata fidia zikisimama tuli, kwa sababu milioni moja ya 2023 ilikuwa sawa na nusu milioni ya 1995. Kiwango kinatakiwa kipande na bei: ukianza na milioni moja kwa 2023, kwa 1995 anzia dola 500,000.

Kuna wanaopendelea fahirisi ya huduma za matibabu, na wana hoja: sehemu kubwa ya fidia nzito ni gharama ya matibabu ya baadaye ya mtu aliyelemaa. Lakini tofauti ni kubwa. Kati ya 1990 na 2010 bei za jumla zilipanda asilimia 67 hivi, na za matibabu asilimia 139 hivi. Kwa fahirisi ya matibabu karibu kila mwelekeo wa fidia unaelekea chini. Sisi tunashauri CPI-U iwe ndiyo hesabu kuu, kwa kuwa fidia hulipia pia mishahara iliyopotea na maumivu, kisha hesabu ya pili iwekwe kando. Anayeonyesha ya matibabu peke yake mara nyingi anatafuta mstari ulioshuka.

Wastani unavyopanda bila mtu kulipwa zaidi

Sehemu hii ndiyo inayowaponyoka hata watu wenye uzoefu, kwa hiyo tuifanye kwa mfano mdogo. Tuseme mwaka wa kwanza kuna malipo kumi, kwa maelfu ya dola: 20, 30, 40, 50, 80, 150, 250, 400, 700 na 1,280. Jumla ni 3,000, wastani ni 300. Namba ya katikati, ile inayogawa orodha nusu kwa nusu, ni 115.

Mwaka wa pili, yale manne madogo hayapo. Mengine sita hayakubadilika hata dola moja. Jumla sasa ni 2,860. Wastani ni karibu 477. Namba ya katikati ni 325.

Wastani umepanda asilimia 59. Namba ya katikati, ambayo watu huikimbilia wakidhani haidanganyiki, karibu imeongezeka mara tatu. Na fedha yote iliyolipwa imepungua.

Huu si mchezo wa darasani. Wakili wa mgonjwa Marekani kwa kawaida halipwi mpaka ashinde, na akishinda huchukua theluthi moja hadi asilimia 40. Yeye ndiye hutanguliza gharama za kesi, na shahidi mtaalamu mmoja wa upasuaji hutoza kwa saa. Kesi ikihitaji dola 60,000 za maandalizi, dai la dola 80,000 halina wa kulibeba. Kadiri kuandaa kesi kunavyozidi kuwa ghali, ndivyo madai madogo yanavyokosa wakili, na wastani wa yaliyobaki unavyoonekana kunona. Mgonjwa mwenye dai dogo la haki haonekani popote kwenye grafu hiyo.

Dawa yake ni kupima mambo manne pamoja, kila mwaka, kwa dola zilizorekebishwa:

- idadi ya malipo;
- jumla ya fedha;
- idadi ya malipo yaliyo juu ya kiwango kimoja cha thamani halisi, tuseme dola 100,000 za 2023;
- mkia wa juu: ukipanga malipo yote kutoka dogo hadi kubwa, ni kiasi gani kilicho kwenye nafasi ya 90 na ya 99 kati ya kila 100.

Hicho kipimo cha tatu ndicho kinga. Ukitupa malipo yote yaliyo chini ya kiwango hicho katika kila mwaka, kupotea kwa madai madogo hakuwezi tena kukuchezea wastani. Watafiti waliochambua kumbukumbu za Texas za 1988 hadi 2002 walifanya hivyo, wakianzia dola 25,000 kwa thamani ya 1988, na picha waliyoipata ilikuwa ya utulivu katika miaka ileile ambayo jimbo zima lilikuwa likizungumzia janga la fidia.

Gawa kwa madaktari

Mwaka 1990 Marekani ilikuwa na madaktari wapatao laki sita na elfu kumi na tano. Leo wamepita milioni moja. Idadi ya malipo isiyogawanywa kwa madaktari haielezi hatari anayoibeba daktari mmoja, na isiyogawanywa kwa wakazi haielezi nafasi ya mgonjwa kulipwa. Chagua mgawanyo kulingana na swali, kisha usibadilishe katikati ya makala.

Ili ujue kama hesabu zako ziko njia sahihi, zilinganishe na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la JAMA Internal Medicine, uliotumia faili hilihili kwa miaka 1992 hadi 2014. Malipo yalishuka kutoka 20.1 kwa kila madaktari 1,000 kwa mwaka katika kipindi cha 1992 hadi 1996, yakafika 8.9 katika kipindi cha 2009 hadi 2014. Wastani wa malipo ulipanda kutoka dola 286,751 hadi 353,473, zote zikiwa dola za 2014. Hilo ni ongezeko la asilimia 23.3.

Sasa zidisha. Madaktari 1,000 wa kipindi cha kwanza waligharimu dola milioni 5.76 hivi kwa mwaka, na wa kipindi cha mwisho milioni 3.15 hivi. Mzigo kwa kila daktari ulipungua kwa asilimia 45. Hiyo namba ya tatu haiandikwi sana kwenye vichwa vya habari, ingawa ndiyo inayokaribia kujibu swali: kila malipo yalikuwa makubwa zaidi, lakini fedha kwa jumla ikawa ndogo.

Fani hazifanani. Katika utafiti huo madaktari wa watoto walishuka kwa asilimia 75.8 na wa moyo kwa 13.5 tu. Ukiwa na sababu ya kuandika kuhusu fani moja, usiazime namba ya jumla.

Hesabu yako ikitofautiana kidogo na hizi, angalia kwanza kama uliwaingiza madaktari walio mafunzoni na ripoti za mifuko. Ikitofautiana mara mbili, umekosea RECTYPE.

Kwa miaka ya baada ya 2014 kuna mtego mmoja mkubwa, nao ni janga la korona. Mahakama zilifungwa kuanzia Machi 2020, kesi zikalala, suluhu nyingi, yaani makubaliano ya kulipana bila hukumu, zikasubiri tarehe ya kesi ambayo haikuja. Yaliyolala yalianza kulipwa baadaye kwa mpigo. Ukianza grafu yako 2020 na kuimalizia 2023 utapata mlima. Linganisha wastani wa 2017 hadi 2019 na wa miaka mitatu kamili baada ya 2021, uache 2020 na 2021 kando kabisa.

Kisichomo ndani ya faili

NPDB haioni kila kitu, na upofu wake una upande. Malipo yakitolewa kwa niaba ya hospitali peke yake, jina la daktari likiwa limeondolewa kwenye dai kabla ya suluhu, ripoti haiandikwi. Mawakili wa hospitali wanaujua mlango huu vizuri. Mwaka 2018, kwa mujibu wa chama cha madaktari cha Marekani, AMA, idadi ya madaktari walioajiriwa iliwapita kwa mara ya kwanza wale wanaomiliki kliniki zao. Aliyeajiriwa ana hospitali nyuma yake ya kubeba dai kwa jina la hospitali. Kwa hiyo sehemu ya kushuka kwa idadi inaweza kuwa kuhama kwa jina tu, na kosa hili huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Daktari anayelipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe naye haripotiwi, toka uamuzi wa mahakama ya rufaa ya Washington wa mwaka 1993.

Namna ya kujikinga ni kulinganisha na kumbukumbu zinazoangalia upande wa mlipaji. Florida imekuwa ikikusanya taarifa za madai yaliyofungwa toka miaka ya 1970, na mdhibiti wa bima huziweka wazi, hospitali zikiwemo. Kama NPDB inashuka Florida na kumbukumbu ya jimbo haishuki, umeona mlango ulipo.

Hukumu kubwa

Sasa zile namba za kutisha. Hazikubuniwa. TransRe, kampuni ya bima mtawanyo (inayozikatia bima kampuni nyingine za bima) inayofuatilia hukumu hizi, ilihesabu 57 za dola milioni 10 au zaidi kwa mwaka 2023 peke yake. Mkia wa juu umerefuka kweli katika miaka ya karibuni, na mwandishi anayeandika kwamba "hakuna kinachotokea" hajatazama nafasi ya 99.

Lakini hukumu si hundi. Utafiti wa kitaifa uliotoka 2012 ulikuta kwamba ni asilimia 4.5 tu ya kesi zilizofunguliwa mahakamani ndizo zilizofika hadi uamuzi wa mwisho, na kati ya hizo daktari alishinda karibu asilimia 80. Zile chache ambazo mgonjwa hushinda ndizo zinazoingia magazetini. Kisha huja makato. Katika data za Texas, asilimia 75 ya wagonjwa walioshinda kwa juri walipokea pungufu ya kilichotamkwa, na ukijumlisha fedha zote, asilimia 56 ya hukumu haikulipwa. Hukumu ndogo hulipwa karibu zote. Kubwa ndizo zinazokatwa, na kisu chenyewe mara nyingi ni kikomo cha bima ya daktari, ambacho kwa kawaida ni dola milioni moja kwa tukio. Wakili wa mgonjwa huchukua milioni hiyo kuliko kumfilisi daktari baada ya miaka mitatu ya rufaa.

Mfano wa wazi ni wa Baltimore. Julai 2019 juri liliamuru Johns Hopkins Bayview ilipe dola milioni 229 kwa mtoto aliyezaliwa na madhara ya ubongo, kiasi ambacho kilitangazwa kuwa rekodi. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Maryland iliifuta hukumu yote. Orodha za "hukumu kubwa za 2019" bado zinaitaja. Ukikutana na hukumu kubwa, tafuta mambo matatu kabla ya kuitumia: kama kuna rufaa, kama kulikuwa na makubaliano ya kiwango cha juu na cha chini cha malipo yaliyowekwa kabla ya juri kurudi, na kama sehemu ya fidia ni gharama za miaka 40 ijayo zilizojumlishwa bila kuletwa kwenye thamani ya leo.

Hilo la thamani ya leo lina nguvu kuliko watu wanavyodhani, na Uingereza imelionyesha. Machi 2017 serikali ilibadili riba inayotumika kukokotoa fidia za mkupuo, kutoka asilimia 2.5 hadi hasi 0.75; riba hiyo ikishuka, fedha inayohitajika leo kulipia gharama za baadaye hupanda. Siku ileile, jeraha lilelile la mtoto yuleyule likawa na gharama kubwa zaidi, bila daktari yeyote kukosea zaidi. Asiyeweka alama ya tarehe hiyo kwenye grafu ya fidia za huduma ya afya ya England ataeleza mlima usiokuwepo.

Ada za bima zina mwendo wake

Ada za bima zinapanda, hilo halina ubishi. Uchambuzi wa AMA wa viwango vinavyokusanywa kila mwaka unaonyesha sehemu ya ada zilizopandishwa ikitoka asilimia 13.7 mwaka 2018 hadi karibu nusu mwaka 2024. Zilipanda vivyo hivyo katikati ya miaka ya 1970, katikati ya 1980, na mwanzoni mwa 2000.

Mwendo huo wa mawimbi wenyewe unatosha kukutahadharisha. Bima huwekeza ada mpaka siku ya kulipa, na kwa biashara ambayo kulipa huchukua miaka, faida ya uwekezaji ni sehemu ya bei. Soko likiwa zuri, kampuni hugombania wateja kwa ada za chini. Likianguka, hufidia kwa kupandisha. Desemba 2001 St. Paul, moja ya kampuni kubwa kabisa katika bima hii, ilitangaza kujiondoa, na majimbo kadhaa yakabaki na wauzaji wachache. Ripoti ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ya mwaka 2003 ilikuta kwamba kwa muda mrefu hasara za madai ndizo msukumo mkuu wa ada, ila kuruka kwa ghafla kulichangiwa na kushuka kwa faida za uwekezaji, ushindani kupungua na bima mtawanyo kuwa ghali. Ada inaweza kukueleza hali ya soko la bima. Usiitumie kama kipimo cha fidia.

Jimbo kwa jimbo

Wastani wa taifa huchanganya majimbo yenye sheria zinazopingana. Texas iliweka kikomo mwaka 2003: dola 250,000 za maumivu na mateso kwa upande wa madaktari, na hadi 750,000 hospitali zikiunganishwa. Kikomo hicho hakipandi na bei, kwa hiyo kinabana zaidi kila mwaka unaopita. Georgia na Illinois zilikuwa na vikomo na mahakama zao za juu zikavifuta mwaka 2010. Pennsylvania, kuanzia Januari 2023, ilimruhusu tena mgonjwa kufungua kesi nje ya wilaya alikotibiwa, na kesi nyingi zikaelekea Philadelphia. Tenga majimbo katika makundi matatu, yenye kikomo muda wote, yasiyo nacho, na yaliyobadilisha, kisha chora kila kundi peke yake. Kwa jimbo tumia WORKSTAT, jimbo anakofanyia kazi; pale palipo wazi, chukua LICNSTAT, jimbo la leseni.

California inahitaji uangalifu wa pekee kwa miaka ijayo. Toka 1975 kikomo chake kilikuwa dola 250,000, ambacho kwa bei za 2022 kingekuwa karibu milioni 1.36. Sheria mpya ilikipandisha hadi 350,000 kwa aliyejeruhiwa na 500,000 kwa aliyefariki, kwa kesi zilizofunguliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2023, kisha 40,000 na 50,000 huongezwa kila mwaka mpaka kufikia 750,000 na milioni moja mwaka 2033. Kinachoamua kama sheria ya zamani au mpya itatumika ni tarehe ya kufungua kesi, na kesi huchukua miaka kuisha, hivyo malipo ya 2025 California bado ni mchanganyiko wa sheria mbili. Gawa malipo ya jimbo hilo kwa MALYEAR1 vilevile: makosa ya kabla ya 2020 na ya baada yake. Kundi la pili likipanda peke yake, hiyo ni kazi ya sheria. Yakipanda yote mawili, tafuta sababu nyingine.